Nyota ya Mwisho Niliiwasha Mimi

Wadogo zangu wa kidato cha tatu na cha nne, naanza nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kwenye mahafali yenu mkuu wa shule alinisimamisha, mkanipigia makofi, halafu akashika kipaza sauti: "Huyu dada yenu Nakundwa alikuwa anafanya utafiti wa nyota hapa hapa Usangi, na mzee wetu aliyetoka chuo kikuu. Bahati mbaya akapata ujauzito, kazi ikamshinda, akastaafu." Mkacheka. Na mimi nikatabasamu kama mjinga, mtoto mgongoni, nikakaa. Kisha akanifuata kwenye wali, akaniomba niandike ukurasa mmoja wa kubandika ubaoni kwenu, niwaase kuhusu kazi.

Haya, nawaasa. Ni kweli nimestaafu, na sijafika miaka thelathini. Nimestaafu kwa sababu kazi iliisha, kama shamba linavyoisha kuvunwa. Haikunishinda, na mimba haikuikata. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mcheke.

Tuanze na kazi yenyewe, maana najua mnafikiri tulikuwa tunachungulia mbingu kwa darubini. Hatukuwa na darubini. Mzee Mbonea alifundisha fizikia chuo kikuu miaka mingi, akastaafu, akarudi kwenye nyumba ya mama yake huku juu, macho yakiwa yameanza kuingia ukungu. Nyota zenyewe alikuwa hazioni tena, na hakujali. "Nyota si ya kutazama," alikuwa anasema. "Nyota ni ya kupigia hesabu."

Hesabu gani? Nyota ni jiko. Inaunguza hidrojeni inapata heli. Hidrojeni ikiisha katikati, inajibana, inapata joto zaidi, inaunguza heli inapata kaboni na oksijeni. Inaendelea hivyo, kila kuni mpya ngumu kuliko ya kwanza, mpaka silikoni, na silikoni inageuka chuma. Hapo basi. Chuma ukikichoma hakikurudishii joto. Nyota kubwa ikifika kwenye chuma imefika mwisho wa njia, inaangukia ndani kwa uzito wake na kulipuka.

Swali la Mzee lilikuwa moja tu. Kaboni ikikamata heli inageuka oksijeni. Je, kwa kasi gani hasa? Hakuna anayejua vizuri, maana jambo hilo ni adimu mno kulipima maabara. Kwa hiyo sisi tulichukua kasi inayokisiwa, tukaipandisha kidogo, tukaishusha kidogo, na kila mara tukaiendesha nyota nzima kwenye kompyuta toka mwanzo hadi chuma, tuone huko mwishoni inatoka tofauti gani. Ndiyo kazi. Inafanyika kwenye meza, na ukichoka unakwenda kupalilia migomba.

Nilivyoipata ni hivi. Mzee alisimama kanisani wakati wa matangazo akasema, "Natafuta macho." Watu wakaguna, wakadhani anaomba maombi. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa kwenye kompyuta, kuandaa namba na kumsomea kwa sauti. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, hesabu nimefaulu, Kiingereza kimenikwamisha, niko nyumbani nachambua maharage. Nikaenda. Akanipa jedwali nimsomee. Nikasoma polepole, tarakimu kwa tarakimu, maana nilikuwa naogopa kukosea. Akaniachia nisome muda mrefu, halafu akasema, "Wewe unasoma kama mtu anayechambua mchele. Njoo kesho."

Sasa yale ya kazini, kwa yeyote atakayefuata. La kwanza: kabla ya kuifurahia grafu, jumlisha mafungu. Hidrojeni fungu lake, heli fungu lake, kaboni, vyote. Jumla lazima iwe moja. Ikizidi moja, umeumba kitu na Mungu hakukutuma. La pili: kabla ya kuingiza mmenyuko, hesabu protoni za kushoto na za kulia, zilingane. Usimwamini aliyeandika jedwali, hata kama ana ndevu.

La tatu nililipata kwa aibu. Programu ilitaka joto liandikwe kwa mabilioni, yaani ukiandika mbili inaelewa bilioni mbili. Mimi nikalihamisha joto kutoka jedwali jingine lenye kipimo kingine, nikawasha, nikakaa. Nyota ikakaa nami. Mchana kutwa haikuungua hata chembe. Nikamsomea Mzee: hidrojeni ile ile, heli ile ile, kama nilivyoziacha asubuhi. Akauliza joto nimeandika ngapi. Nikamwambia. Akaweka kikombe chini.

"Nakundwa, umebandika makande, umetia maharage, umetia mahindi, umefunika vizuri. Kuni ziko wapi?"

Tangu hapo kila asubuhi, badala ya kuniuliza habari za kulala, alikuwa anauliza, "Kuni zipo?"

Na siku nyingine nilitaka kumaliza haraka, nikaipa programu hatua ndefu za muda. Kaboni ikashuka, ikashuka, ikapita sifuri. Nikamsomea: kaboni hasi. Mzee alicheka mpaka akatoa kitambaa. "Yaani nyota yako imekula na kaboni ya jirani?" Ndipo akanifundisha: moto ukiwa mpole, piga hatua ndefu, moto ukiwa mkali, hatua fupi fupi, kama mtu anayeshuka mteremko wa kwenda Mwanga wakati wa mvua.

Enzi zake, aliniambia, chuo kizima kilikuwa na kompyuta moja kubwa kama kabati la nguo, unapanga foleni wiki nzima ili upewe jibu kwamba umesahau mkato. Kwa hiyo walikuwa wanafikiri kwanza. "Nyie mnabonyeza kwanza," alisema. Alikuwa na haki. Ila angekuwa na macho, na yeye angebonyeza.

Sasa tufike kwenye hasira.

Nimeolewa kwa Washana. Wa huku juu mnajua maana yake. Wa kutoka Kwakoa na tambarare niwaeleze. Ni ukoo wa wahunzi. Zamani walikuwa wanayeyusha chuma wenyewe. Wanawake waliokota mchanga mweusi kwenye vijito na kuuosha, wanaume wakawasha tanuru na kuvukuta. Mwanamke kazi yake iliishia kwenye mchanga. Na mwanamke mwenye mimba hakusogelea tanuru kabisa: ama chuma kitagoma kutoka, ama mtoto ataumia. Matumbo mawili, walisema, la mama na la tanuru, hayazai mahali pamoja.

Siku hizi hakuna anayeyeyusha. Baba mkwe wangu ana kiwanda chake nyuma ya nyumba, mivukuto na fuawe, anafua majembe na mapanga kutokana na springi za malori. Lakini mwiko umebaki na nguvu zake zote.

Mwezi wa kumi na mbili, ukoo mzima umepanda mlimani kwa sikukuu, tumekaa uani. Mimi nina mimba changa na kila mtu ameshajua. Baba mkwe, mtu mkimya asiyeongea na mkwe bila sababu, akanigeukia.

"Mkwe wangu, hivi kule kwa Mbonea mnafanya nini hasa?"

Nikafurahi. Nikatafuta maneno ya kumpendeza. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi, kwa kueleza vizuri mno. "Baba, ni kazi yenu ile ile. Nyota ni tanuru. Tunaliwasha, linawaka, na mwisho wake kinatoka chuma."

Mama mkwe akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Unakaa kwenye tanuru la chuma na mimba?"

"Mama, ni kompyuta."

"Umesema tanuru."

"Ni mfano tu, mama."

"Mfano wa nini? Chuma kinatoka au hakitoki?"

"Kinatoka, lakini..."

"Basi."

Mume wangu, fundi wa magari huko Same, mdomo wake haukosi neno akiwa gereji, alikuwa ameinamia sahani yake anatafuta mfupa.

Sisi Wapare mnatujua kwa kesi. Kuku akivuka mpaka tunakaa kikao, itakuwa mjukuu? Kikao kikaitwa. Mama mkwe ndiye alikuwa mwendesha mashtaka, na Mzee Mbonea akaitwa aje ajieleze. Nikamwongoza kwa mkono mpaka kwenye kiti. Nilitaka aseme kwamba huu ni ushirikina, amalize, twende. Hakusema. Aliwasikiliza wote, halafu akamuuliza baba mkwe, "Ndugu yangu, mwiko ni wa mchanga au ni wa moto?"

"Wa moto."

"Nakundwa anaandaa namba, anazipepeta, anaziosha. Huo ni mchanga. Kuwasha ni kubonyeza kitufe kimoja. Je, akibonyeza mwingine?"

Wakanong'ona, wakakubali. Atawasha Mzee. Mzee asipokuwepo, atawasha baba mkwe mwenyewe au mtu atakayekuwepo, mradi si mimi.

Njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Yeye akanisemesha. "Wako watu waliokataa kunipa mkono nilipokuwa nasoma ng'ambo, kwa sababu ya rangi yangu. Hawa wanakukataza kwa kuogopa usije ukaumia. Kasirika, una haki. Lakini kasirika na huku unaendelea na kazi."

Nikaendelea. Na ninawaambieni, hakuna utafiti uliowahi kuendeshwa hivyo. Namwandalia Mzee nyota, kila namba ipo mahali pake, jumla moja, kuni zipo, halafu naweka kidole chake kwenye kitufe, naye anabonyeza. Akiwa amelala kidogo mchana, natoka barabarani kutafuta kidole. Mwinjilisti alikuja siku moja kumwombea Mzee macho, akakaribishwa, na kabla ya sala akaambiwa, "Samahani mtumishi, bonyeza hapo." Akabonyeza, akauliza amefanya nini. Nikamwambia amewasha nyota. Siku ile aliomba kwa muda mrefu sana.

Nilicheka, ndiyo. Lakini kila mara niliuondoa mkono wangu kwenye kile kitufe shingo upande. Mpishi anayekatazwa kuonja angenielewa.

Ikabaki nyota moja. Tumbo langu limefika hatua ya kunitangulia mlangoni, na Mzee ameitwa Moshi kupasuliwa macho. Tulijua sote: nikishajifungua nitawekwa ndani miezi, supu na maji ya moto, hakuna kompyuta. Na bila nyota ile ya mwisho, zile zote za nyuma hazisemi kitu, maana ndiyo ilikuwa na kasi ya juu kabisa. Mzee alipokuwa anapanda gari alinishika bega. "Nikirudi nataka kuiona kwa macho mapya."

Asubuhi hiyo baba mkwe akapanda kuja kuwasha, kama kikao kilivyopanga. Alikuwa ametoka kiwandani, lakini amenawa mpaka kwenye viwiko, kofia mkononi, kama anaingia kanisani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Liko wapi?"

Nikamwonyesha kitufe. Akakibonyeza kwa dole gumba, akakishikilia, nikamwambia achie. Mistari ikaanza kutembea kwenye kioo. Nilidhani ataaga. Hakuaga. Alisimama mlangoni, akatazama nje, akatazama ndani.

"Nani anavukuta?"

"Hakuna, baba. Ni uzito wake mwenyewe. Nyota inajilalia, inajibana, ndipo moto unakolea."

"Inajilalia," akasema, akavuta kigoda.

Tukakaa. Huu unaoshuka ni nini? Heli, baba, inaisha. Na huu? Kaboni. Na huu mwembamba? Neoni. Kila kuni alitaka jina lake. Jua likapanda, nikamkaangia ndizi, akala bila kuondoa macho kwenye kioo.

"Mbona sasa linakwenda mbio?"

"Ndivyo ilivyo. Hidrojeni inachukua mamilioni ya miaka. Silikoni kugeuka chuma ni kama siku moja."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za kwao. "Mchanga unauokota msimu mzima. Tanuru ni siku moja."

Silikoni ndiyo kwanza imeanza kushuka, ukungu ukaingia. Mnaujua ukungu wetu: unaona migomba, halafu huoni. Sola ikakosa jua, betri zilikuwa zimechoka siku nyingi, kioo kikazima. Baba mkwe akaruka kutoka kwenye kigoda.

"Nimefanya nini?"

"Si wewe, baba. Ni ukungu."

Tulingoja. Alikuwa anatoka nje kila baada ya muda kuukaripia ukungu. Ulipofunguka kidogo, mashine ikawaka, betri ikilia kwamba haina nguvu. Hatua ya mwisho ilikuwa imehifadhiwa, tungeweza kuendelea kuanzia pale. Lakini kuendelea si kitufe kimoja. Unaandika jina la faili, unaandika namba ya hatua, ndipo unabonyeza.

Baba mkwe akakaa mbele ya kompyuta. Nikamtajia herufi. Kidole chake kimoja ni upana wa vitufe viwili vya mashine ile. Alikuwa akigusa moja zinaingia tatu. Nafuta, anarudia. Nafuta, anarudia. Jasho likamtoka kuliko la kiwandani. Betri inalia.

"Baba, inazima tena. Na ikizima sasa sijui kama itaamka."

Akaondoa mikono. Akatazama tumbo langu, akatazama kioo. Sikumwomba. Nilikuwa nimeshaomba vya kutosha kwenye kikao.

"Nimefua chuma tangu nilipokuwa nachunga mbuzi," akasema. "Springi, nondo, ekseli. Vyote vinakuja kwangu vikiwa vimeshazeeka, vimetupwa. Babu yangu alinisimulia jinsi kinavyotoka kwenye mchanga, mara elfu alinisimulia. Mimi mwenyewe sijawahi kukiona kikizaliwa."

Betri ikalia.

Akainuka kwenye kiti. "Kaa. Bonyeza, mwanangu, kisije kikafia tumboni."

Nikakaa. Tumbo likagusa meza. Niliandika jina la faili bila kutazama vitufe, nikaandika hatua, nikabonyeza mimi, kwa kidole changu. Mtoto akanipiga teke la ubavu, la nguvu, nikacheka kwa sauti, na baba mkwe akauliza kwa hofu, "Nini?" Nikamwambia anaomba apishwe aone.

Mstari wa silikoni ukaporomoka. Ule wa chini kabisa, uliolala kimya tangu asubuhi, ukainuka. "Ni huo," nikasema. Aliinama mpaka pua karibu iguse kioo. Ukapanda, ukavuka wa silikoni, ukakaa juu ya yote, na programu ikasimama na kuandika kwamba kitovu cha nyota kimeanguka.

"Imevunjika?" akauliza, sauti ya chini.

"Imevunjika, baba. Ndivyo inavyotakiwa."

"Lazima ivunjike," akasema. "Tanuru usipolivunja, chuma utakitoaje?"

Nikajumlisha mafungu. Moja. Nikahifadhi. Betri ikakata. Baba mkwe alikuwa amegeukia ukutani, anajifuta uso kwa kofia, akilalamikia moshi. Jiko la Mzee liko nyumba nyingine kabisa.

Mlangoni akanigeukia. "Mama mkwe wako asijue."

Nikamwahidi. Jioni ile nyumbani alisema aliwasha yeye, na maandalizi yote Mbonea alikuwa ameyamaliza mapema kabla ya kwenda Moshi. Nikaitikia. Nikajifungua salama binti mwenye mapafu kama mvukuto, na habari ikaanza kutembea: Mbonea alimaliza, mkwe wa Mshana alikaa kwa sababu ya mimba. Ikashuka mlima, ikarudi imenona, mpaka ikafika kwenye kipaza sauti cha mahafali yenu.

Mzee alirudi na macho yake. Aliikodolea ile grafu kama mtu anayemwona mtoto wake baada ya vita, akaniuliza jumla ilikuwa ngapi. Nikamwambia moja. Hakuuliza nani aliwasha. Makala ikatoka, jina langu liko baada ya lake, na kuanzia Usangi mpaka Same sijakutana na mtu aliyeisoma. Swali likawa limejibiwa kwa upande wetu. Mzee akahamia kwa binti yake Dodoma, mimi nikashuka Same kwa mume wangu, kwenye joto. Mnaona? Kazi iliisha.

Juzi, baada ya mahafali, nilikwenda kiwandani kwa baba mkwe. Nikamwamkia, nikamwambia siwezi tena kuficha. Nikamweleza mlivyocheka. Nikamwambia nina binti, naye atakaa kwenye viti hivyo hivyo siku moja, na sitaki aambiwe kwamba alimkata mama yake mikono.

Alipiga nyundo mara kadhaa. Akaligeuza panga, akalitazama.

"Andika," akasema. "Mama mkwe wako niachie mimi."

"Ahsante, baba."

"Andika yote kama ilivyokuwa. Ila usiandike kwamba nililia."

"Kwani ulilia, baba?"

"Nimesema usiandike."